Dakika Kumi na Tano za Nairobi

Usiku wa kuamkia tarehe 1 Agosti 1942, saa rasmi ya Kenya ilipotimia sita kamili ilirukishwa hadi sita na robo. Dakika 15 zikapotea hivi hivi. Dunia ilikuwa vitani, watu walikuwa na mazito zaidi ya kufikiri, na sidhani kama yupo mzee aliyewahi kuwasimulia wajukuu wake habari za robo saa ile. Lakini simu iliyo mfukoni mwako, msomaji, inaikumbuka. Ndani yake mna faili dogo lenye historia ya saa za dunia nzima, na humo Nairobi ina mistari sita. Mstari wa mwisho unaanzia usiku ule, na ndio tunaoishi nao hadi leo: saa tatu mbele ya Greenwich.

Nataka kusimulia jinsi mistari hiyo sita ilivyoandikwa, kwa sababu sisi waandishi wa programu wa Afrika Mashariki tumelelewa na saa isiyotikisika. Hatuna saa za kiangazi, hatuna saa za baridi. Tukitaka wakati wa hapa tunachukua ule wa Greenwich, tunajumlisha tatu, kazi imekwisha. Ile tatu tunaiona kama sheria ya maumbile, ndugu yake mbili jumlisha mbili. Siyo. Ni uamuzi wa watu, uliotanguliwa na maamuzi mengine manne, na makosa mengi niliyoyaona katika programu zinazoshughulika na tarehe yalitokana na mtu kulisahau jambo hilo.

Mswahili wa kale hakuhitaji ofisi ya kumwambia saa. Siku yake ilianza jua lilipozama, na saa moja baadaye ikawa saa moja usiku. Jua likichomoza hesabu inaanza upya; saa moja baadaye ni saa moja asubuhi. Wahabeshi nao huhesabu hivyo. Karibu na ikweta utaratibu huo una akili kabisa, kwa kuwa mchana na usiku havipishani sana mwaka mzima. Kule London, ambako jua la Desemba huchomoza kama saa mbili asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi, ungekuwa kichekesho.

Ila jua lina tabia yake: halifiki kila mahali kwa pamoja. Kila nyuzi moja ya longitudo linaichukulia dakika nne. Mombasa iko mashariki ya Nairobi kwa nyuzi karibu tatu, kwa hiyo jua likiwa utosini Mombasa, Nairobi bado hujasalia adhuhuri. Subiri dakika 11 hivi. Kwa nahodha wa jahazi dakika 11 si kitu, maana yeye anasubiri kusi na kaskazi, pepo zinazohesabiwa kwa miezi. Kwa treni mbili zinazotumia reli moja, dakika 11 ni maisha ya watu.

Ndiyo maana saa za pamoja zililetwa na reli. Uingereza kampuni ya Great Western ilianza kutumia saa ya London katika vituo vyake vyote mwaka 1840, na Bunge likaja kuitambua kisheria mwaka 1880, miaka 40 baadaye. Marekani makampuni ya reli yaliamka tarehe 18 Novemba 1883 yakaigawa nchi katika kanda za saa bila kuisubiri serikali. Mwaka uliofuata wajumbe wa mataifa 25 walikutana Washington kuamua mstari wa sifuri wa dunia upite wapi. Kutoka Afrika ilikuwapo Liberia tu. Kura 22 zilikubali Greenwich, moja ikakataa, na Ufaransa pamoja na Brazil hazikupiga. Mkutano ule haukuipangia nchi yoyote kanda yake. Uliweka mahali pa kuanzia kuhesabu, kila mtawala akaachiwa ajiamulie. Ruhusa hiyo bado inatumika, na sisi waandishi wa programu tunailipia hadi leo.

Reli ya Uganda ilianza kulazwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi 1899, ikafika ziwani 1901. Kwa mujibu wa magazeti rasmi ya serikali, Himaya ya Afrika Mashariki ilijipatia saa moja ya pamoja Mei 1908: saa mbili na nusu mbele ya Greenwich. Tusiidharau nusu hiyo. Saa mbili na nusu ni jua la nyuzi 37 na nusu za mashariki, mstari unaopita jirani kabisa na Kilimanjaro, kati ya Nairobi na pwani. Aliyechagua alichagua vizuri. Pwani ilichelewa kidogo, Nairobi ikawahi kidogo, hakuna aliyeonewa sana.

Halafu mambo yakaanza kupanda na kushuka kama bei ya nyanya. Mwisho wa Juni 1928 Kenya ikaenda saa tatu kamili. Januari 1930 ikarudi mbili na nusu. Mwaka 1937 ulipoanza ikashika mbili na dakika 45. Mwaka 1942, kama tulivyoona, ikarudi tatu, na haijaondoka. Saa tatu ni jua la nyuzi 45, na nyuzi 45 hazipiti Kenya kabisa. Zinapita karibu na Mogadishu. Kwa hiyo mtu wa Nairobi anapoangalia saa yake ikisoma sita kamili mchana, anasoma adhuhuri ya Msomali. Jua lake mwenyewe litafika utosini baada ya nusu saa na ushee.

Tuiache Nairobi kwanza, twende New Jersey.

Mwaka 1971, katika maabara za Bell, Ken Thompson na Dennis Ritchie walikuwa wakiijenga Unix, mfumo endeshi ambao watoto na wajukuu wake ndio wanaoendesha seva nyingi na simu nyingi za leo. Mashine ilihitaji kujua wakati. Wakaamua ihesabu tu: namba moja, inayokua. Mwanzoni ilihesabu sehemu ya 60 ya sekunde tangu tarehe 1 Januari 1971, na nafasi waliyoitengea namba hiyo ilikuwa biti 32. Piga hesabu uone: namba ya biti 32 ikikua mara 60 kwa sekunde hujaa baada ya siku 828, yaani miaka miwili na miezi mitatu. Hapo mwanzo wa hesabu ukawa unasogezwa, hadi wakachoka, wakahesabu sekunde nzima nzima kuanzia tarehe 1 Januari 1970 kwa saa ya Greenwich. Kuanzia hapo kila tukio duniani likapata namba yake, na namba hiyo ni ileile Nairobi, Tokyo na Chicago.

Hiyo ndiyo sehemu rahisi, na ni nzuri kweli. Ugumu unaanza pale binadamu anapouliza: namba hii ni saa ngapi kwetu?

Katika Unix ya miaka ya 1970 jibu lilikuwa limeandikwa ndani ya msimbo wenyewe, na "kwetu" ilimaanisha Marekani. Kulikuwa na kanuni ya saa za kiangazi: zinaanza Jumapili ya mwisho ya Aprili, zinaisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Kisha ikaja shida ya mafuta ya mwaka 1973. Bunge la Marekani, likitafuta kuokoa nishati, likaamuru saa za kiangazi zianze tarehe 6 Januari 1974, katikati ya baridi. Watoto wakawa wanakwenda shule gizani, wazazi wakalalamika, sheria ikalegezwa, na mwaka 1975 zikaanza mwisho wa Februari. Waandishi wa Unix walifanyaje? Waliongeza mistari miwili katika msimbo, mmoja wa 1974 na mwingine wa 1975. Waarabu wamefunga bomba la mafuta, Bunge limekasirika, na kwa sababu hiyo kuna mistari miwili katika programu ya kusomea saa. Ukitaka kujua kwa nini kazi hii haiishi, anza na mistari hiyo.

Mwaka 1986 Bunge lilibadilisha tena sheria, safari hii likisogeza mwanzo wa saa za kiangazi hadi Jumapili ya kwanza ya Aprili. Mwaka huohuo Arthur David Olson, mfanyakazi wa Taasisi ya Taifa ya Saratani huko Maryland, alikuwa akisambaza kwa wenzake wazo tofauti. Kanuni za saa, alisema, zitoke ndani ya msimbo. Ziandikwe katika jedwali la maandishi ya kawaida, ambalo mtu yeyote anaweza kulisoma na kulisahihisha, kisha programu ndogo iligeuze jedwali hilo kuwa faili ambalo mashine italisoma. Bunge likibadili mawazo, unabadili mstari wa jedwali. Programu hazigusi mtu.

Wazo dogo, na kwa maoni yangu ndilo kubwa kuliko yote katika hadithi hii. Olson alikuwa amekiri kwamba saa si hesabu bali ni kumbukumbu za maamuzi, na kumbukumbu mahali pake ni daftarini. Daftari hilo, linaloitwa tz kwa kifupi, ndilo lililomo katika simu yako.

Paul Eggert wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, aliyekuja kupokea uongozi wa daftari, ndiye aliyelipa utaratibu wake wa majina. Kanda haiitwi kwa jina la nchi wala kwa namba. Inaitwa kwa bara na mji: Africa/Nairobi, Africa/Kinshasa, Asia/Muscat. Nchi hugawanyika, huungana, hubadili majina; mji hukaa. Na namba peke yake haisemi kitu, kwa sababu nchi mbili zinaweza kuwa saa tatu mbele ya Greenwich leo na kesho moja ikaondoka. Anayeandika "+3" ameandika hali ya leo. Anayeandika "Africa/Nairobi" ameandika mahali, na mahali pana historia na pana kesho.

Swali lililobaki lilikuwa: nani anajua saa za zamani za Nairobi, au za Rangoon, au za Montevideo? Jibu litakuchekesha. Wanajimu. Mpiga falaki anayetaka kumtazamia mtu nyota zake lazima ajue dakika aliyozaliwa kwa jua la mahali pale, na ili aijue lazima afahamu saa rasmi ya mji ule siku ile ilikuwa na tofauti gani. Kwa ajili ya wateja hao Marekani kulichapishwa atlasi nene za Thomas Shanks, zenye jedwali za saa za dunia nzima. Watu wa daftari walizitumia, huku wakiandika pembeni, bila kumung'unya maneno, kwamba vitabu hivyo vina makosa mengi na havitaji vyanzo. Kwa hiyo kwa miaka mingi benki, mashirika ya ndege na mahospitali vilikuwa vikiegemea, kwa tarehe za zamani, kazi iliyofanywa kwa ajili ya kutazamia nyota. Anayetaka kucheka na acheke. Hakuna mwingine aliyekuwa amejitaabisha kuikusanya.

Mwishoni mwa Septemba 2011 kampuni ya Astrolabe, iliyokuwa na haki za atlasi hizo, iliwashtaki Olson na Eggert katika mahakama ya Massachusetts, ikidai wameiba mali yake. Tarehe 6 Oktoba mashine iliyokuwa ikitoa daftari ilizimwa. Siku chache zilizofuata dunia nzima ilikuwa ikitumia kitabu ambacho mwandishi wake ameambiwa aweke kalamu chini. Kisha ICANN, taasisi inayosimamia majina na namba za intaneti, ikalipokea daftari, na Februari 2012 Astrolabe ikafuta kesi na kuomba radhi. Tukio lililotokea, kwamba saa fulani ilisogezwa siku fulani, si mali ya mtu. Nashukuru hakimu hakuhitaji hata kulisema.

Turudi Nairobi sasa. Kulingana na atlasi ile, Nairobi ilitumia saa ya jua lake hadi 1928, na ilikaa na ile mbili na dakika 45 hadi mwisho wa 1959. Miaka ikapita, mistari ikasomwa na mashine mabilioni ya mara, hakuna aliyeuliza. Mwaka 2020 msomaji mmoja aliyekuwa akipekua magazeti rasmi ya makoloni alituma alichokiona: tangazo la 1908, la 1928, na mengine hadi la 1942. Toleo la daftari la Desemba 2020 likasahihishwa. Kwa kalamu hiyo moja, kila dakika ya Kenya kuanzia Agosti 1942 hadi mwisho wa 1959 ilisogea robo saa.

Robo saa inamdhuru nani? Tuseme yuko mzee aliyeandikiwa kuzaliwa tarehe 1 Januari 1955. Wazee wengi wa rika lake wana tarehe hiyo. Karani hakuwa na nyingine ya kuwapa. Mwandishi wa programu ya mafao, asiyetaka makuu, anaihifadhi tarehe hiyo kama namba ya sekunde: saa sita usiku, Nairobi, igeuzwe kuwa ya Greenwich. Mashine yake ina daftari jipya, hivyo inatoa saa tatu, na kilichohifadhiwa ni saa tatu usiku ya Greenwich, tarehe 31 Desemba 1954. Seva nyingine katika ofisi ileile haijasasishwa. Inasoma namba ileile kwa daftari la zamani, inaongeza saa mbili na dakika 45, na inamwonyesha karani wa leo saa sita kasorobo usiku, 31 Desemba 1954. Mzee ameongezewa mwaka wa kuzaliwa kwenye karatasi, kitambulisho hakilingani na faili, anaambiwa arudi wiki ijayo.

Kosa hapo si la daftari, wala la seva iliyochelewa. Ni la kuichukua siku ya kuzaliwa na kuifanya kitu isichokuwa. Siku ya kuzaliwa haina saa wala kanda. Ukizaliwa Lamu ukahamia Toronto, sherehe yako haisogei kwa saa nane. Tarehe kama hiyo ihifadhiwe ilivyo, mwaka, mwezi, siku, na mtu asiipeleke Greenwich hata kidogo.

Kuna kosa jingine ambalo ni letu peke yetu, na nimelionja. Niliwahi kukata tiketi ya basi kwa simu, na ujumbe ukaja kwa Kiswahili safi: basi litaondoka saa 3:00 usiku. Saa mbili na nusu nilikuwa kituoni, mkoba mkononi. Kituo kilikuwa kitupu. Basi lilikuwa la saa tisa usiku. Programu ilikuwa imechukua saa tatu ya Kizungu, ile iliyo baada ya usiku wa manane, ikatafuta katika orodha ya lugha neno la wakati huo, ikapata "usiku", ikaviunganisha. Kila kipande kilikuwa sahihi. Kwa pamoja vilinigharimu saa sita na mbu wasio na idadi.

Orodha za lugha ambazo programu hutumia zina majina yetu ya miezi, zina alfajiri, asubuhi, mchana, jioni na usiku. Hazina kile ambacho mtoto wa miaka saba hapa anakijua, kwamba namba inayofuata neno "saa" huhesabiwa kuanzia kuchwa na kucha. Siku za juma nazo ni hivyo hivyo: kwa jina lake Jumamosi ni ya kwanza, wakati lugha nyingi za programu huanza kuhesabu Jumapili, na kanuni ya kimataifa huanza Jumatatu. Anayeandikia Waswahili ama aandike 03:00 bila kupamba, ama aandike "saa tisa usiku" na afanye hesabu ya sita mwenyewe. Nusu ya hiki na nusu ya kile haifai.

Mtu anaweza kusema: hayo ya 1942 yamepita, na hesabu ya sita tutaizoea, kwa mambo ya leo, Afrika Mashariki ni tatu tu. Tazama basi Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivyo sasa. Kigali, Bujumbura, Goma na Lubumbashi ziko saa mbili mbele ya Greenwich. Kinshasa iko moja. Na Juba ilikuwa tatu pamoja nasi hadi tarehe 1 Februari 2021, iliporudi mbili. Toleo la daftari lenye habari hiyo lilitoka tarehe 24 Januari, wiki moja kabla.

Fikiria mkutano uliopangwa Desemba 2020, ufanyike Juba katikati ya Februari, saa tatu asubuhi. Mwandishi mwangalifu, aliyefundishwa kwamba kila kitu kihifadhiwe kwa saa ya Greenwich, ameandika 06:00. Februari ikafika, Juba sasa ni mbili, programu inasoma 06:00 na kuwaita watu saa mbili asubuhi. Ukumbi umefungwa. Mafundisho yale hayakuwa mabaya, yalikuwa nusu. Jambo lililokwisha kutokea, kama malipo yaliyoingia au simu iliyopigwa, liandike kwa namba ya Greenwich, maana hakuna serikali itakayolihamisha. Jambo ambalo bado, liandike kama watu walivyoliagana: saa tatu asubuhi, Africa/Juba. Hesabu ya Greenwich iache hadi siku yenyewe, kwa daftari la siku hiyo.

Na daftari la siku hiyo laweza kuwa si la jana. Tarehe 23 Machi 2023 Waziri Mkuu wa Lebanon, Najib Mikati, alitangaza kwamba saa za kiangazi, zilizokuwa zianze usiku wa kuamkia Jumapili ya tarehe 26, zisubiri Ramadhani iishe, ili wafungao wafuturu kama saa kumi na mbili badala ya saa moja. Siku mbili, tatu za taarifa. Siku ileile daftari likatoa toleo jipya. Kanisa la Wamaroni likakataa kuahirisha, baadhi ya vituo vya televisheni na shule vikakataa nalo, na Jumapili ile nchi moja ndogo ikaamka na saa mbili tofauti, moja kwa kila upande wa ugomvi. Simu nazo zikagawanyika, kila moja na toleo lililoiwahi. Jumatatu serikali ikageuka: saa zisogezwe usiku wa Jumatano. Jumanne daftari likatoa toleo la kulifuta lile la kwanza. Matoleo mawili ndani ya siku tano, kwa ajili ya saa moja ya futari.

Samoa ilifanya makubwa zaidi. Ilihamia upande wa pili wa mstari wa tarehe ili iwe karibu na wateja wake wa Australia na New Zealand, na kwa hiyo Ijumaa ya tarehe 30 Desemba 2011 haikuwapo kabisa. Watu walilala Alhamisi wakaamka Jumamosi. Uingereza kila Oktoba saa saba na nusu usiku hutokea mara mbili katika usiku mmoja, na anayeandika programu ya zamu za wauguzi ajiandae kuulizwa ni ipi. Haya yote yamo daftarini, pamoja na maelezo ya nani alisema nini na gazeti gani lilichapisha. Likae karibu, lisasishwe kila toleo linapotoka, na asitokee mtu wa kuliandika upya kwa mkono ndani ya msimbo wake. Dar es Salaam na Kampala zimeunganishwa humo na mstari wa Nairobi, kwa sababu kuanzia 1970 saa zao hazijapishana. Tofauti zao za zamani zimewekwa katika faili la pembeni ambalo kompyuta nyingi hazilisomi. Mwenye kushughulika na kumbukumbu za Tanganyika au Uganda za kabla ya uhuru na alijue hilo.

Imebaki namba ile ya Thompson na Ritchie. Katika mashine za zamani bado ni ya biti 32, na biti moja imetengwa kwa alama ya hasi, kwa hiyo mwisho wake ni 2,147,483,647. Itafika hapo Jumanne, tarehe 19 Januari 2038. Kwa Nairobi itakuwa saa kumi na mbili na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi, jua bado halijachomoza. Mashine zilizojengwa kwa biti 64 zitapita bila kujua. Zile ambazo hakuna aliyezibadilisha, katika mita, lango au mtambo uliosahauliwa, zitapinduka hadi namba ndogo kuliko zote na kutafuta daftarini Nairobi ilikuwa saa ngapi wakati huo. Zitaufikia mstari wa kwanza kati ya ile sita, ule wa jua, saa mbili na dakika 27 na sekunde 16 mbele ya Greenwich, na zitaandika: Ijumaa, tarehe 13 Desemba 1901, saa tano na dakika 13 na sekunde 8 usiku. Usiku huo reli ilikuwa bado haijafika ziwani.